Waliona Nini Nyumbani Mwako?



Tafakari ya juma hili imetokana na kikao cha Halmashauri ya Walei ya parokia yetu, tena katika jambo ambalo wengi wetu tulidhani lingekwisha kwa dakika tano. Mnakumbuka kwamba sanduku la sadaka lililo chini ya sanamu ya Mtakatifu Antoni lilivunjwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mfadhili mmoja, mtu mwenye moyo mwema kweli, akajitolea kutufungia kamera za ulinzi: kamera nane, mashine ya kurekodi, nyaya, na ujira wa fundi juu yake. Tulimshukuru, tukampigia makofi, kamera zikafungwa. Fundi akamwekea mhazini programu katika simu yake, ili hata akiwa shambani aweze kutupia jicho kanisani. Kisha tukarudi kwenye suala la paa.

Ikapita miezi miwili. Siku ya kikao, tulipofika kwenye mengineyo, mama mmoja kiongozi wa Jumuiya alisimama. "Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, mtanisamehe, mimi si msomi. Ile kamera ya kona, karibu na kiti cha maungamo, picha zake zinakwenda wapi?"

Hakuna aliyejua. Mhazini alisema zinabaki ndani ya mashine. Kijana mmoja wa VIWAWA akasema kwa adabu kwamba haiwezekani: ikiwa mhazini anaziona akiwa shambani, basi picha zimetoka kanisani, zimepita katika seva ya mtengenezaji huko ng'ambo, ndipo zikamfikia. Tulimpigia simu fundi mbele ya kikao. Naye, bila kusita hata kidogo, alitueleza kwamba yeye pia bado anaziona katika simu yake, "kwa ajili ya huduma", na kwamba nywila ya mashine ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Hebu tulitazame jambo hilo lilivyo. Kwa miezi miwili, mtu ambaye hatukumjua vema, na wengine ambao hatukuwajua kabisa, wangeweza kuona nani anapanga foleni ya kitubio Jumamosi jioni, na nani ametoka akifuta machozi. Kamera zile hazina sauti, na siri ya maungamo haikuguswa; hilo tulilihakikisha. Lakini kuna kitu kingine kiliguswa, nacho ni ule uhuru wa mwenye dhambi kumwendea Mungu wake bila kutazamwa na jirani. Kamera ile tuliishusha siku hiyo hiyo, kwa ngazi ya kupambia kanisa.

Tangu jioni ile tumekuwa tukijiuliza: ikiwa parokia yenye kamera nane imelala usingizi wa namna hii, hali ikoje katika bandari, katika vituo vya polisi, katika mipaka ya nchi, katika ofisi ambamo mawaziri hukutana? Kwa maana kamera za serikali nyingi za Afrika hazikutengenezwa Afrika. Zimetoka China kwa wingi, na nyingine Marekani, Ulaya, Korea na Israeli. Na mara nyingi zimekuja kama zetu zilivyokuja: kwa mkono wa mfadhili au kwa mkopo wa masharti nafuu, pamoja na fundi.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote tunao karibu nasi. Mwezi Januari mwaka 2012 lilifunguliwa mjini Addis Ababa jengo jipya la makao makuu ya Umoja wa Afrika. Ni jengo la fahari. Mnara wake una urefu wa mita 99.9, kwa ukumbusho wa tarehe 9 Septemba 1999, siku ya Azimio la Sirte lililouandalia njia Umoja huo. Liligharimu takriban dola za Marekani milioni 200, nazo zilitolewa na China kama zawadi kwa bara letu. Kuta, samani na mitambo ya mawasiliano, vyote vilikuja pamoja na zawadi hiyo. (Mahali liliposimama palikuwa gereza la Alem Bekagn, jina ambalo kwa Kiamhari ni kama kuiaga dunia. Wafungwa wengi wa siasa waliingia humo wasitoke. Ardhi ile, tunaweza kusema, ilikwisha kuzoea watu wanaotazamwa.)

Miaka sita baadaye, Januari 2018, gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba mafundi wa Umoja wa Afrika walikuwa wamegundua jambo la ajabu mwaka mmoja kabla. Kila usiku kati ya saa 6 na saa 8, ofisi zikiwa tupu, mtandao wa jengo ulikuwa na shughuli nyingi kupita kiasi. Taarifa zilikuwa zikisafirishwa kwenda kwenye seva zilizoko Shanghai, umbali wa kilometa zipatazo 8,000. Gazeti lilisema pia kwamba vinasa sauti vilikutwa chini ya meza na ndani ya kuta. China ilikanusha kwa maneno makali. Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika wakati huo, Moussa Faki Mahamat, akiwa ziarani Beijing mwezi uliofuata, naye alikanusha. Rais Paul Kagame wa Rwanda, ambaye mwaka ule alikuwa mwenyekiti wa Umoja, alijibu kwa namna nyingine: kupelelezwa hakukuwa jambo la kumtia wasiwasi, ila alitamani Afrika ingekuwa imejijengea jengo hilo yenyewe.

Tungeweza kuyaacha hayo kama maneno ya magazeti. Lakini Desemba 2020 shirika la habari la Reuters lilipata waraka wa ndani wa Umoja wa Afrika wenyewe. Humo ilielezwa kwamba wataalamu wa Japani walikuwa wamewatonya mafundi wa Addis Ababa juu ya mawasiliano ya kutiliwa shaka, na walipofuatilia wakakuta kwamba wadukuzi wamekuwa wakiiba picha za kamera za ulinzi za makao makuu: ofisi, maegesho, korido na vyumba vya mikutano. Safari hii wezi hawakungoja usiku. Walipitisha mzigo wao saa za kazi, katikati ya msongamano wa kawaida, ili usionekane. Wadukuzi hao walidhaniwa kuwa ni kundi lenye uhusiano na China. Ubalozi wa China ukakanusha tena. Na katikati ya habari hizo mbili, Mei 2019, Umoja wa Afrika ulitia saini hati ya makubaliano na kampuni ya Huawei ya China juu ya kukuza mawasiliano na teknolojia.

Hatuna mamlaka ya kuamua nani alisema kweli katika mashauri haya. Jambo moja tu halina ubishi: picha ziliondoka ndani ya nyumba, na wenye nyumba wakaambiwa na mgeni.

Mtu anaweza kuuliza: picha ya korido, isiyo na sauti, ina madhara gani? Swali hili liliulizwa hata katika kikao chetu. Picha ya korido inaonyesha waziri yupi ameingia chumba kipi na balozi yupi, usiku wa kuamkia kura. Inaonyesha namba za magari, zamu za walinzi zinabadilishwa saa ngapi, mlango upi haufungwi vizuri. Ukiiweka pamoja na nyingine elfu moja, unaijua nyumba kuliko mwenyewe anavyoijua. Na wakati wa vita picha huua. Januari 2024 idara ya usalama ya Ukraine ilitangaza kwamba Warusi walidukua kamera mbili mjini Kyiv ili kuona mahali zilipo silaha za kujikinga na mashambulizi ya anga. Moja ya kamera hizo ilikuwa kwenye roshani ya jengo la makazi. Wakazi walikuwa wameifunga ili kulinda mazingira yao. Idara hiyo ilisema kwamba tangu kuanza kwa vita hivyo mwaka 2022 ilikuwa imezima kamera zipatazo 10,000 za aina hiyo. Wale wenye roshani walitaka kulinda tu, kama sisi na sanduku letu la sadaka.

Tulipofika hapo, Maandiko Matakatifu yalitujia yenyewe. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 20, au Isaya sura ya 39, msome kisa cha Mfalme Hezekia. Huyu hakuwa mfalme mbaya. Maandiko yanamsifu kuliko wafalme wengi wa Yuda. Alikuwa ameugua karibu na kufa, akalia mbele ya Mungu, akaongezewa miaka 15. Habari za kupona kwake zikafika Babeli, na mfalme wa huko, Merodak-Baladani, akatuma wajumbe wenye barua na zawadi. Ni adabu njema ya kidiplomasia: mtu ameugua, unampelekea salamu na chochote. Hezekia akafurahi. Na katika furaha hiyo akawafungulia wageni kila mlango: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, na ghala ya silaha. Mwandishi wa kitabu anakazia kwamba hapakuwa na kitu katika nyumba yake wala katika ufalme wake ambacho hakuwaonyesha.

Ndipo nabii Isaya akaja na maswali yake. Walisema nini watu hawa? Walitoka wapi? Na la tatu, lenye uzito wote: waliona nini nyumbani mwako? Hezekia, na hapa tumpe haki yake, alijibu kweli: waliona vyote. Nabii akamweleza kwamba siku zinakuja ambapo vyote hivyo vitachukuliwa Babeli, na baadhi ya wana watakaotoka kwake watakuwa watumishi katika jumba la mfalme wa huko. Na Hezekia akajibu jambo ambalo kila tukilisoma linatuumiza. Alisema neno la Bwana ni jema, akiwaza moyoni kwamba katika siku zake mwenyewe kutakuwa na amani.

Isaya hakumkemea kwa kupokea zawadi. Wala hakumwambia awafukuze watu wa Babeli. Alimwuliza waliona nini. Hoja yetu nzima ya juma hili imo katika swali hilo, na tunaona kwamba mijadala ya kisiasa juu ya kamera za kigeni huliruka, ikakimbilia swali la pili: walitoka wapi?

Nchi tajiri zimelijibu swali la pili kwa nguvu. Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini Agosti 2018, ilizikataza idara zake za serikali kununua kamera za makampuni ya Kichina ya Hikvision na Dahua. Uingereza, Novemba 2022, iliziagiza wizara zake kuacha kufunga katika maeneo nyeti kamera za makampuni yaliyo chini ya Sheria ya Upelelezi ya Taifa ya China. Mwezi Februari 2023 Australia, baada ya kuhesabu na kukuta vifaa zaidi ya 900 vya aina hiyo katika majengo ya serikali, ikaamua kuviondoa. Sababu zao si za kupuuza. Sheria hiyo ya China ya mwaka 2017 inavitaka vyombo na raia wake kusaidia kazi za upelelezi wa dola, na mwenye hisa mkubwa wa Hikvision ni shirika la serikali ya China. Makampuni yenyewe yanasema hayapeleki picha za wateja kwa serikali. Inawezekana. Lakini mwenye ufunguo wa nyumba yako hana haja ya kuwa mwizi leo ili uwe na sababu ya kubadilisha kitasa.

Ila hapa, wapendwa, tusiwe watoto wa kuimba wimbo wa jirani. Mwezi Februari 2020 gazeti la Washington Post na kituo cha televisheni cha ZDF cha Ujerumani vilifichua habari za kampuni ya Uswisi iliyoitwa Crypto AG. Kwa miongo mingi iliuza mashine za kuficha ujumbe kwa serikali zaidi ya 120, zikiwamo Misri na Libya katika bara letu. Uswisi, nchi isiyofungamana na upande wowote! Nani angeitilia shaka? Kumbe tangu mwaka 1970 wamiliki wa siri wa kampuni hiyo walikuwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na lile la Ujerumani Magharibi, BND, na mashine nyingi zilikuwa zimechezewa makusudi ili wao wazisome. Katika orodha ya wateja iliyofichuliwa, Vatikano nayo imo. Naam, hata nyumba ya Petro ilinunua kitasa kwa fundi aliyebaki na ufunguo.

Pale pale Addis Ababa, katika uwanja huo huo wa makao makuu, lipo jengo la Amani na Usalama lenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Lilijengwa kwa fedha za Ujerumani. Hatusemi kwamba lina vinasa sauti. Hatuna sababu ya kusema hivyo. Tunasema tu kwamba ni vigumu kuitazama zawadi moja kwa jicho la shaka na nyingine kwa jicho la shukrani kwa sababu ya rangi ya bendera.

Na wakati mwingine hapahitajiki hata jasusi. Machi 2021 wadukuzi waliingia katika kamera zipatazo 150,000 za Verkada, kampuni ya California, wakatazama ndani ya hospitali, magereza na shule. Walipitia wapi? Walikuta jina na nywila ya msimamizi mkuu vikiwa wazi katika intaneti. Oktoba 2016 kamera na mashine za kurekodi zilizoachwa na nywila za kiwandani, katika nchi nyingi, zilitekwa kwa mkupuo na programu iliyoitwa Mirai, zikatumiwa kuangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Wenye kamera wenyewe hawakujua kama vifaa vyao vinapigana vita. Tulipolisoma hilo, tulimkumbuka fundi wetu na nywila yake.

Basi kuna jambo gumu zaidi, ambalo tunajua halitampendeza kila msomaji. Swali la Isaya lina pande mbili. Serikali inapaswa kuuliza mgeni ameona nini nyumbani mwake. Lakini nchi si nyumba ya serikali peke yake. Raia naye ana nyumba, na kamera iliyo juu ya nguzo inatazama mlango wake.

Hatuzibezi kamera. Baada ya magaidi kuua watu 67 katika jengo la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, serikali ya Kenya iliipa Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa mawasiliano ya polisi kwa vifaa vya Huawei, pamoja na kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Aliyemzika mtoto wake baada ya siku zile hawezi kuambiwa kwamba ni upuuzi. Uganda nayo, baada ya Andrew Felix Kaweesi, afisa wa juu wa polisi, kuuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Machi 2017, iliamua kufunga kamera, na mfumo huo wa Huawei uligharimu dola milioni 126. Wauaji wakamatwe, nani atakataa?

Lakini Novemba 2020, ghasia zilipozuka Uganda baada ya kukamatwa kwa mgombea wa urais Bobi Wine na watu zaidi ya 50 kupoteza maisha, polisi walieleza kwamba walizitumia kamera hizo kuwafuatilia waliokuwa mitaani. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2019, gazeti la Wall Street Journal lilikuwa limeandika kwamba mafundi wa Huawei waliwasaidia maofisa wa usalama wa Uganda kuingia katika mawasiliano ya mwanasiasa huyo huyo. Kampuni na serikali wakakanusha. Hapa tena hatuhukumu. Tunaona tu kwamba chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya muuaji kilipata kazi ya pili, na kazi hiyo ya pili haikujadiliwa na mtu yeyote siku ya kununua.

Kanisa halikuanza leo kuyasema haya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 26, uliitaja haki ya mtu kulindiwa faragha yake pamoja na haki ya chakula, mavazi na makazi, katika pumzi ile ile. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 2024 kuhusu akili unde, aliitaja mifumo ya kuwafuatilia watu kuwa miongoni mwa hatari za teknolojia hiyo. Kuna tofauti kati ya kutazamwa na Mungu na kutazamwa na kamera. Hajiri, mtumwa aliyetoroka jangwani, alimwita Mungu kuwa ndiye amwonaye, na neno hilo kwake lilikuwa faraja, kwa sababu Yule aliyemwona alimjua kwa jina na kumtakia maisha. Kamera haimtakii mtu chochote. Inamhifadhi tu, mpaka atakapotokea mtu mwenye haja naye.

Kwetu Tanzania misingi ya sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na ya familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Picha ya uso wako ni taarifa binafsi. Lakini sheria hiyo, kama zilivyo nyingi za aina yake duniani, inayaachia nafasi masuala ya usalama wa taifa, na hapo ndipo maswali huzimwa. Ukiuliza picha za kamera za mjini zinalala katika seva ya nani, utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya usalama wa taifa. Kwa maoni yetu jibu hilo limepinduka. Kwa kuwa ni mambo ya usalama wa taifa, ndiyo maana inabidi yaulizwe, na wawakilishi tuliowachagua wayaulize kwa sauti bungeni: nani anashika nywila, fundi wa kampuni ya kigeni anaingia kwenye mfumo akiwa wapi na kwa ruhusa ya nani, picha zinafutwa baada ya siku ngapi, na nani asiyelipwa na muuzaji amewahi kuikagua mitambo hiyo. Hakuna siri ya jeshi katika maswali hayo. Ni maswali ya mama wa Jumuiya.

Tungependa pia, na hili ni la muda mrefu, vijana wetu wanaomaliza vyuo vya ufundi wafundishwe kuifungua mashine ya namna hiyo na kuisoma ndani, si kuifunga ukutani tu. Wale waliobaini wizi wa Addis Ababa mara ya pili walikuwa Wajapani. Tunawashukuru. Lakini mlinzi wa nyumba akiamshwa na jirani kila mara, siku moja jirani atakuwa amesafiri.

Na kwa viongozi wetu, tunaowaombea kila Dominika, tunasema kwa heshima: lile jibu la Hezekia la kujifariji kwamba amani itakuwapo siku zake, msilikubali. Mkataba wa mfumo kama huu hudumu kuliko kipindi cha uongozi. Anayeusaini atakuwa amestaafu zamani wakati wana wa wengine wanatazamwa.

Turudi nyumbani. Parokiani tumebakiwa na kamera saba. Mashine ya kurekodi imo katika kabati la sakristia, na kijana wa VIWAWA ameitenga kabisa na intaneti. Mhazini halioni tena kanisa akiwa shambani, na hajafurahi; ametuambia hivyo mara mbili. Nywila imebadilishwa: nusu yake anaijua Paroko, nusu anaijua mwenyekiti wa Halmashauri, kwa hiyo hakuna anayeweza kutazama picha peke yake. Picha zinafutika baada ya siku 14. Mlangoni tumebandika karatasi kuwajulisha waamini kwamba ndani kuna kamera. Mfadhili wetu tulimweleza yote kabla hajayasikia kwa wengine, naye hakukasirika. Alikwenda kutazama za nyumbani kwake, akarudi kumwomba kijana yule namba ya simu. Sanduku la Mtakatifu Antoni halijavunjwa tena, japo tunadhani kufuli jipya limechangia zaidi.

Kamera ya nane iko stoo, imefungwa katika gazeti. Yule mama ametuarifu kwamba katika kikao kijacho atakuwa na swali jingine, juu ya ile iliyofungwa kwenye nguzo ya njia panda, inayotazama mlango wa zahanati. Tulimjibu kwamba hiyo si yetu, hatuwezi kumjibu. Akasema basi tuwaulize wenye nayo. Barua tumeipeleka kwa mtendaji wa kata siku ya Jumanne, nakala yake ipo ofisini kwa atakayependa kuisoma, na tunangoja majibu.